Kuacha Goti Likauke

…na kijiko bado kinazunguka ndani ya glasi, kling, kling, maana unga huu wa kolajeni, dawa ya goti langu, ukiuharakisha unafanya madonge, na mke wangu Inshirah hapendi madonge, amesimama jikoni anakoroga huku akizungumza na Daktari Shahinaz wa duka la dawa la hapo chini, aliyepanda kunipima presha akakuta mguu wangu wa kulia umelala juu ya mito mitatu kama mgeni wa heshima, akauliza tangu lini, nikasema tangu kopo la kwanza, wiki tisa, akauliza kwa nini, na hapo ndipo nilipomweleza, kwa adabu kabisa, kwamba yeye mwenyewe aliniambia niupe unga muda, miezi mitatu ndipo tuone, nami nimetandika sakafu za nusu ya mji huu wa Tanta, miaka thelathini na minane nimepiga magoti, najua kukipa kitu muda, unapanga vigae, unamimina saruji nyeupe inatafuta nafasi zake yenyewe, halafu unaziba mlango kwa ubao, haingii mtu mpaka ikauke, hata mwenye nyumba… niliwahi kumzuia hakimu mmoja asiingie chumbani kwake mwenyewe… basi na goti nalo nikaliziba mlango. Yule binti daktari hakucheka, afadhali angecheka, aliweka mkono juu ya paja langu, akaliminya, akasema, "Ami Bayumi, sakafu ikikanyagwa mapema inaharibika. Goti linaharibika lisipokanyagwa. Tazama paja lilivyokwisha." Limekwisha… na kweli, la kushoto lina nyama, la kulia limekuwa kama mkono wa mtoto, nami nilidhani ni uvimbe unaopungua, nikamshukuru Mungu, na Inshirah akapika supu ya makongoro mara mbili kwa wiki kwa shukrani hiyohiyo… anasema nini huko sasa, anasema unga huwapunguzia wengine maumivu kidogo, wengine hauwafai kitu, lakini gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, ikiisha kulika haijengeki upya kwa kijiko, na Inshirah anamwambia mwambie mwenyewe, mimi amenisikia lini, tangu anioe anasikiliza pimamaji tu… nasikia, mama, nasikia… wiki tisa, na harusi ya mjukuu wangu Rodina imebakiza wiki sita, na ngazi za kutoka hapa mpaka mlango wa chini ni themanini na nne, na mwanangu Galali keshapanga na nduguye kunishusha juu ya kiti, Ijumaa walikuwa hapa wanapima upana wa ngazi, Galali akasema, "Baba, ukijishikilia vizuri utapita kama lilivyopita friji," wakacheka, nami nikacheka, ila friji liligonga ukuta mara mbili, na mama yangu alishushwa vilevile, juu ya kiti, siku aliyotoka nyumba hii asirudi… hapana. Wiki tisa zimekwenda, zimekwenda, kigae kikikaa kombo hukilaumu, unakibandua saruji ikiwa bado mbichi unaanza tena, wala si aibu, aibu ni kukiona kombo ukaweka kabati juu yake… amesema kaza paja, lisukume goti chini kwenye mto, hesabu mpaka kumi, legeza, rudia mara kumi, asubuhi na jioni, na kesho nisimame kwa kushika meza, na kesho kutwa ngazi moja, moja tu, ukishuka unatanguliza mguu mbovu, ukipanda unatanguliza mzima, haya, moja… linatetemeka, paja zima linatetemeka kama la ndama aliyezaliwa leo… mbili… maumivu yapo, ya kawaida, si yale ya kuchoma aliyonionya… tatu… unga nitaunywa, kwa nini nisiunywe, lakini ukifika humo tumboni ujue mwenye nyumba yuko kazini… nne… na kiti wakilete siku ya harusi, sikatai, Galali ashike mbele na nduguye nyuma, wakishushe kitupu nyuma yangu, nikichoka ghorofa ya pili nitakaa nivute pumzi, nikishavuta pumzi nitasimama, na wageni walio chini wangoje, bwana harusi naye angoje… tano… sita… Inshirah anauliza kutoka jikoni mbona nimenyamaza, na kijiko bado kinazunguka, siwezi kumjibu sasa… saba…