Koki ya Kanishai

Boila la shule yetu lilipasuka kwa sababu ya maji ya kuoshea matumbo ya farasi. Lakini kwenye karatasi ya tume ya uchunguzi limeandikwa jina la mkamwana wangu. Kaeni niwasimulie mwenyewe, maana hapa kwetu Naryn, milimani, kila mtu anaisimulia anavyotaka.

Miaka ishirini na sita nimelilisha boila lile makaa. Wapo wanaodhani kazi hii ni koleo tu. Waje waone. Kuna maboila ya mvuke, ya gesi, na siku hizi ya umeme, unabonyeza kitufe ukaenda zako. Letu ni la makaa, chuma cha kumimina, vipande tisa vimebanwa pamoja kama mkate wa slesi. Moto unapasha maji, maji yanapanda kwenye mabomba, yanapita kwenye vyuma vya ukutani darasa kwa darasa, halafu kwenye nyumba nane za wafanyakazi, yanarudi chini yamepoa, yanapashwa tena. Maji ni yale yale tangu Oktoba hadi Aprili. Ukiyachota lazima uongeze mapya, na mapya yanaleta ukoko ule mnaouona ndani ya birika. Ukoko ukiwa mnene, chuma kinaungua. Hilo nalijua kuliko jina langu, na bado nikaweka koki.

Mwanangu Ernis alioa, akaenda Urusi kwenye kazi za ujenzi, akamwacha Kanishai kwangu. Mkamwana yule hakuwa na mfano. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, hajawahi kunipa mgongo, wala kutaja jina langu, kama desturi yetu inavyotaka. Hata jirani mmoja ambaye ni wajina wangu alimwita "yule mwenye ng'ombe mweusi". Alikuwa msafishaji hapo hapo shuleni. Baridi ya kwanza mikono yake ilipasuka kwa kuosha vyombo na maji ya mtoni. Niliona damu kwenye ukingo wa bakuli langu la chai. Siku ile ile nikaweka koki kwenye chuma cha ukutani pale nyumbani kwetu.

"Chota humu, binti yangu. Kidogo kidogo."

"Baba, boila halitaumia?"

"Boila niachie mimi."

Majirani nao wana macho. Dootbek, mwalimu wa hesabu, hakumaliza wiki. "Kaka, mkamwana wako ananawa maji moto kama malkia. Mke wangu je, mtumwa?" Nikamfungia na yeye. Kufika mwaka mpya nyumba zote nane zina koki, na kila ninakoingia nawekewa nyama ya mgongo na kuambiwa nina mikono ya dhahabu. Kichwa kikavimba. Kila asubuhi naongeza ndoo za maji kwenye tangi la darini linalolisha mabomba na kujiambia si neno.

Februari Dootbek akafanya sherehe ya kumtahiri mwanawe, wakachinja farasi. Mafuta ya matumbo hayatoki kwa maji baridi, kwa hiyo wanawake wa nyumba zote nane wakachota ya moto, beseni baada ya beseni. Mimi nilikuwa kwa Dootbek, nimeketishwa pa heshima, kichwa cha kondoo cha mgeni mkubwa mbele yangu, saa za kazi. Niliporudi boila lilikuwa linagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Tangi kavu. Mabomba hewa tupu.

Kila mchochea boila anajua la kufanya hapo. Kokota makaa yote nje, acha chuma kipoe nusu siku, maji usiyaguse. Lakini kuzima maana yake watoto warudishwe makwao, na mkuu wa shule aulize maji yamekwenda wapi. Mimi miaka miwili tu ilibaki nipate pensheni. Na mkuu mwenyewe, Mama Toktobubu, alishasimama mlangoni na koti lake.

"Mzee, madarasa yamepoa. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Naongeza maji kidogo."

Nikafungulia maji baridi. Chuma kililia mara moja tu. Vipande vitatu vikapasuka, maji yakazima moto, mvuke ukatutoa nje sote wawili.

Tume iliahidi kufika kesho yake. Jioni ile Dootbek na wenzake waling'oa koki zao, wakaziba matundu kwa bolti, wakapaka rangi. Hakuna aliyekuja kuniambia. Nami nilijifungia kwenye chumba cha boila, sikupanda nyumbani. Kanishai alikuwa ananisubiri mimi niing'oe yetu, maana koki niliweka mimi.

Watu wa tume walipita nyumba saba, mimi nyuma yao, kuta safi. Kwetu wakakuta koki inang'aa na kitambaa cha vyombo kimetundikwa juu yake.

"Nani kaweka hii?" mwenyekiti akamuuliza Kanishai.

Akainamisha kichwa.

"Nimeuliza nani. Taja jina."

Majirani walijaa mlangoni. Dootbek akasema, "Atakuwa kaweka mwenyewe. Wasichana wa siku hizi hawashindwi kitu." Wawili watatu wakacheka. Wote walijua, wanafiki wakubwa. Mwenyekiti naye ni mtu wa huku huku, anajua kwa nini mkamwana anashindwa kutaja jina. Akanigeukia.

"Mzee, wewe ndiye fundi. Ulikuwa unajua?"

Kanishai aliinua macho, akanitazama. Hakuwa ananiomba kitu kikubwa. Alitaka tu nilitamke mimi jina langu, kwa kuwa yeye hakuweza.

"Sikujua," nikasema.

Wakaandika. Kazi akaachishwa. Wanawake wale wale wa matumbo wakaacha kuitikia salamu yake. Ernis akapiga simu kutoka Urusi, akamwambia ametuaibisha, arudi kwao. Simu hiyo niliipokea mimi kwanza. Ningeweza kusema. Nilimuuliza mwanangu kama huko kuna theluji, kisha nikampa mkewe.

Boila likabadilishwa vipande vitatu, na kibarua changu kikabaki. Machi Dootbek akaja bila haya. "Kaka, mambo yametulia. Turudishie zile koki." Nilimtukana matusi yote ninayoyajua. Halafu nikabeba vyombo vyangu nikaenda kumfungia, kwa sababu yule mtu ananijua.

Kanishai aliondoka siku iliyofuata. Asubuhi aliosha vyombo vyote kwa maji ya mtoni, maana koki yetu tume walikwenda nayo, na mikono ilikuwa imepasuka upya. Nilimbebea begi hadi barabarani, kwenye gari la kwenda Talas, kwao.

"Nenda salama, binti yangu."

Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Baki salama, Satarkul," akasema, kisha akanipa mgongo akapanda gari.