Wali wa Mbele Yangu

Usiku wa jana niliota nimeketi mkekani kwa dada yangu mdogo, Mize, kule Wete, nyumba ambayo sijaikanyaga miaka kumi na tisa. Ilikuwa mchana. Kati yetu pana sinia la watu wanne lenye wali wa manjano, nasi tuko watatu. Upande wa nne, aliokuwa akikaa marehemu mama, ni bati tupu. Umeliwa kitambo.

Mbele ya Mize ulikuwa wali wa nazi na bizari, kama tulivyolelewa. Wa tatu alikuwa Bi Gadija, mpishi niliyekuwa nikimwoshea masufuria Cape Town. Mbele yake wali mtamu wa zabibu na mdalasini, ule wanaowapikia waliofiwa. Mbele yangu mimi palikuwa na mchanganyiko usio na kwao: zafarani huku, majani ya Kijava kule. Nimekula kwa watu wengi.

"Kula mbele yako," sinia likasema.

Sikushangaa. Mama alitufundisha hivyo hivyo, mtu asivamie upande wa mwenzake. Nikala haraka, kama nilivyozoea kwenye majiko ya watu. Tonge la tano lilikuwa la zafarani, na nilipolimeza tukawa Bandar Abbas, mkeka, sinia na sote, kwenye jiko nililopikia mwaka mmoja. Lilikuwa tamu mno. Nikauliza lina nini.

"Ramadhani moja," sinia likasema. "Ya miaka miwili ijayo."

"Ya nani?"

"Nilikwambia ule wapi?"

"Mbele yangu."

"Basi."

Nikatazama mbele yangu. Yamebaki matonge matatu, madogo.

Hapo likaingia birika la kunawia, na bakuli likifuata nyuma. Birika lilikuwa na taulo begani. Halikuwa na bega, lakini taulo lilikuwa begani. Likasimama kwa Bi Gadija, aliyebakiwa na zabibu moja. Akaitia kinywani bila haraka, akaniambia kwamba hii leo angalau sikumwibia zabibu, kama nilivyozoea jikoni kwake, kisha akanyoosha mikono.

Maji yakamwagika. Kwanza yakatoka manjano ya vidole. Halafu vikatoka vidole, halafu viganja. Hakulalamika. Bakuli lilipojaa, mkekani hapakuwa na mtu, na upande wake wa sinia ulikuwa bati.

Mkono wangu, ambao haujawahi kunisikiliza, ukamega tonge jingine. Sasa tuko Java, na wali wa manjano umesimama kama kawa ya kufunikia chakula, mrefu kuliko nyumba, wanawake wanaukata kilele. Hilo lilikuwa kiangazi kimoja, sinia likaniarifu.

"Na safari yangu ya kwenda kwa Mize iko wapi?"

"Ni hayo mawili yaliyobaki. Moja la njia, moja la kufika."

Nikauweka mkono gotini, nikaubana.

Mize alikuwa akinitazama muda wote. Akasema nimekonda. Halafu akafanya anachofanya mwenye nyumba yeyote wa kwetu: akausukuma wali wake kwa vidole kuja upande wangu. Gao zima, ujazo wa kiganja, likavuka, na nywele za upande mmoja wa kichwa chake zikawa nyeupe.

"Usinisogezee, Mize."

"Mgeni husogezewa."

"Mimi si mgeni hapa."

"Miaka kumi na tisa, kaka Faki. Kama si mgeni, ni nani?"

Nikaurudisha wali wake kwa mgongo wa mkono, punje kwa punje, mpaka nywele zikarudi kuwa nyeusi. Ananisogezea tena. Namrudishia. Hakuna anayecheka.

Birika likasimama mbele yangu.

"Mikono."

"Sijamaliza."

"Huli."

"Napumzika."

"Aliyenawa amemaliza, na asiyekula ananawa. Mikono."

"Haya mawili nitayala kwake."

"Hapa ndipo kwake."

"Hapa ni ndotoni," nikasema.

Birika likafikiri. Nilisikia maji yakigeuka tumboni mwake. Halafu likainama hivyo hivyo, na tone la kwanza likaniangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Lilikuwa baridi. Mize akanishika kiwiko, akanivuta nyuma.

Nikaamka Tunduma, kwenye chumba cha gesti, ambako wiki nzima nimekula ugali na dagaa tu. Kulikuwa kunapambazuka. Nikautazama mkono wa kulia. Kucha nne zina manjano ya bizari mpaka kwenye nyama. Ukucha wa kidole cha mwisho ni safi.

Sala ya alfajiri nimetayamamu kwa vumbi la ukuta, na ndoo ya maji ipo mlangoni. Mungu anajua sababu. Mama wa gesti aliponiletea chai na maji ya kunawa nilipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akaniuliza mzee mzima nililelewa wapi. Nikamwambia Wete.

Begi nimelifunga kwa mkono mmoja. Kutoka hapa mpaka kwa Mize, basi na meli, ni kama siku tatu. Huu wa kulia hautaguswa na maji mpaka nikae upande wangu wa sinia, na birika alishike yeye.