Tundu la Mlinda Kengele

Mama Sweta hakuumbiwa kukaa. Kwenye kikao cha wazazi shuleni hukalia ukingo wa kiti, na kabla mwalimu mkuu hajamaliza salamu ameshanyanyuka kwenda kufungua dirisha lililokwama. Akiona kifungo kinaning'inia kwenye shati la mtu, hata mtu asiyemjua, huchomoa sindano aliyoichomeka kwenye kola ya gauni lake na kukikaza palepale, mwenye shati akiwa bado amelivaa. Mtaa mzima umeshamzoea. Mume wake, dereva wa lori, husema barabara ndefu ndiyo likizo yake.

Kazi yake ni kufuma sweta za shule. Sebule ndiyo karakana. Pale ambapo wengine huweka kabati la vyombo yeye amekaza mashine ya kufumia, uzi umejaa chini ya meza, na viti vimefunikwa na migongo ya sweta inayongoja mikono yake. Dirishani hukaa mdogo wake wa kike, ambaye kila mtu humwita Kasuku. Yeye ndiye anayeunganisha vipande, na mdomo wake huenda kasi kuliko sindano.

Watoto wakubwa walikwisha kwenda kwao. Nyumbani alibaki kitinda mimba, binti wa miaka kumi na saba, mrefu, mpole, mwenye kigugumizi. Tangu aanze shule hakuwahi kuleta rafiki nyumbani wala kualikwa popote. Rafiki zake walikuwa ndani ya televisheni, watu wa tamthilia moja aliyoipenda hadi akaota kuihusu, juu ya mwanamke aitwaye Mlinda Kengele katika mji ambao kengele zimepigwa marufuku. Mama Sweta hakuwahi kuitazama. Alikuwa akipita mbele ya televisheni akiwa amebeba kitu, basi.

Kisha kikatokea kikundi. Vijana wachache wenye ugonjwa uleule wa tamthilia hiyo walikuwa wakikutana kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, na mmoja wao akamwalika binti. Akaenda mara ya kwanza, akaenda mara ya pili. Sasa sehemu ya mwisho ya tamthilia ingeoneshwa Jumamosi alasiri, nao walikubaliana waitazame pamoja, kila mmoja akiwa na zawadi aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kitu cha kutoka ndani ya hadithi, kwa yule aliyempata kwa kura. Binti alimpata kiongozi wao, kijana wanayemwita Nahodha. Haya yote Mama Sweta aliyasikia kwa Kasuku. Binti mwenyewe alisema tu kwamba Jumamosi ana mahali pa kwenda. Mama alifurahi mpaka akafua mapazia.

Jumamosi yenyewe ikafika, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Binti alitoka mapema kwenda kusukwa. Kasuku hakuwa amefika. Mama Sweta aliingia chumbani kwa binti kutafuta mkasi wake, maana katika nyumba hiyo mikasi hutembea, akaikuta sweta imelazwa juu ya kiti.

Ilikuwa ya kufumwa kwa mkono, rangi ya majivu, pindo la manjano iliyokolea. Aliiinua kwenye mwanga. Kwanza moyo ulimruka kwa furaha, kwa sababu miaka yote alijaribu kumfundisha mtoto huyu kushika sindano na mtoto akakataa katakata. Kumbe amejifunza kwa siri. Halafu macho ya kazi yakafunguka. Kitanzi kimoja kilikuwa kimedondoka karibu na bega la kulia, na kutoka hapo sweta ilikuwa imefumuka ngazi kwa ngazi mpaka kiunoni. Mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa kiganja kizima. Kwenye kiwiko kulikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Masikini mwanangu, akawaza. Amehangaika, imemshinda, na ameona aibu kuniuliza.

Angeweza kungoja binti arudi. Lakini kungoja hakumo katika damu yake. Alikwisha kuketi kwenye kitanda cha mtoto na sindano ya kroshe mkononi. Alikiokota kile kitanzi kule kiunoni akakipandisha, ngazi baada ya ngazi, hadi begani, akakifunga kwa lile fundo lake ambalo halijawahi kumfungukia mteja. Akaufumua mkono wa kushoto, akauweka sawa na mwenzake. Akaziba kiwiko kwa namna ambayo hata yeye, akigeuza upande, ilimbidi atafute. Kisha akaipitishia pasi ya mvuke mpaka vitanzi vyote vikalala kwa adabu. Kasuku alipoingia aliikuta imekunjwa mezani kama mpya, akaambiwa asiiguse.

Binti akarudi, nywele zimesukwa vizuri, mkononi ana karatasi ya kufungia zawadi. Aliiona. Akaikunjua. Akapitisha kidole begani, akateremka nacho mpaka kiunoni, taratibu, kama kipofu anayesoma ukuta.

"Lile tundu," alisema.

"Limekwisha, mwanangu. Mimi mwenyewe nikilitafuta silioni."

Binti akafungua mdomo. Neno likakwama mlangoni, shingo ikakaza. Mama Sweta akafanya alivyofanya miaka yote, akamsaidia.

"Asante?"

Binti akatikisa kichwa. Aliiweka sweta chini, akaenda chumbani na kufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Kasuku akaitazama sweta, akamtazama dada yake, akashika shavu. Akaeleza. Sweta ya Mlinda Kengele ilinaswa na chuma ikachanika alipokuwa akimshusha mdogo wake kutoka kwenye mnara. Akaapa hataishona mpaka kengele ya mji ilie tena. Mkono wa kushoto aliuvuta ukarefuka kwa sababu huficha vidole vilivyoungua. Hakuna mtu anayeipenda tamthilia ile asiyeijua sweta hiyo, tundu kwa tundu.

"Dada, hapo umemvunjia mtu kiapo," alimaliza.

Mama Sweta alikasirika, kwa kuwa hasira ndiyo iliyokuwa karibu. Alisema mwanamke mzima anatembea na sweta iliyochanika mbele ya watu, hana mama? Alisema zawadi mbovu ni matusi. Alisema hao vijana wangemcheka. Huku akisema, alizunguka meza, akapanga sweta za shule zilizokwisha kupangwa, akazipangua. Kasuku alimwacha azunguke. Mwishowe mama akasimama katikati ya chumba, maana lile jambo lenyewe lilikuwa limemfikia. Mtoto huyu angekwenda kwa wenzake mikono mitupu, au asingekwenda kabisa. Akikosa leo atasema alikuwa mgonjwa. Wiki ijayo ataona aibu kurudi. Atabaki chumbani na televisheni, na mara hii mlango huo utakuwa umefungwa na mama yake mzazi.

Alichukua mkasi. Akaiweka ncha penye lile fundo lake. Mkono ukagoma. Mikono hiyo ilikuwa imeziba matundu tangu usichana, na hakuna aliyewahi kuiagiza itoboe. Akaushusha mkasi, akauinua tena, jasho likimtoka puani.

"Si wewe," sauti ilisema nyuma yake.

Binti alikuwa mlangoni, macho mekundu. Akasogea, akauchukua mkasi kutoka kwa mama yake kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Lazima iwe mikono yangu. Ni sharti la kikundi." Akaketi mezani, akasukuma sweta za shule pembeni. "Mama, kaa hapo. Usiguse. Usiseme."

Sasa kaa na wewe, msomaji, umtazame mtu anaharibu kazi yako, na anaiharibu vibaya. Binti alianza na mkono wa kushoto, kwa sababu ndio uliohitaji muda. Alikata ukingo, akaokota vitanzi kwa sindano zake, akafuma. Alishika uzi kama anayeshika mkia wa panya. Kila alipomaliza safu alisimama kuhesabu. Mama Sweta alikalia mikono yake, kweli kabisa, aliiweka chini ya mapaja. Goti likawa linaruka. Kasuku alimtupia jicho, akainama juu ya kazi yake mabega yakitetemeka kwa kicheko. Kutoka ukutani ilisikika saa, na nje mtu alikuwa akiburuta kitu cha bati barabarani ambacho Mama Sweta alitamani sana kwenda kumsaidia kukiinua.

Na katikati ya kufuma, bila kuulizwa, binti akaanza kusema. Alisema macho yakiwa kwenye sindano. Alisema juu ya mnara, juu ya yule mdogo wa Mlinda Kengele, ambaye hasikii, na kwa nini mtu asiyesikia ndiye anayestahili kuvuta kamba ya kengele. Maneno yalikwama mara kadhaa. Mara ya kwanza Mama Sweta alikwisha kufungua mdomo, akakumbuka alivyoagizwa, akaufunga. Neno likakaa, likakaa, halafu likatoka, na halikuwa lile ambalo yeye angeliweka. La pili vilevile. Akagundua, kwa namna ya kumchoma, kwamba hakujua mtoto wake hupenda kueleza mambo kwa kirefu.

Mkono ukarefuka. Kiwiko kikatobolewa. Likabaki bega. Binti aliisogeza sweta kwenye mwanga, akauweka mkasi karibu na fundo, na Mama Sweta akaona kwamba ncha imeshika nyuzi mbili, ule uliohitajika na wa jirani yake. Aliona waziwazi, kama unavyoona mtoto anakaribia ngazi. Meno yake yakauma ulimi.

Mkasi ukakata.

Vitanzi viwili vikaachia. Kwa sababu ya ile pasi ya mvuke havikukimbia. Ilibidi binti avishawishi kwa ncha ya sindano, ngazi moja moja, na alipofika nusu ya safari ndipo alipoona kwamba ngazi zinashuka mbili, zimepakana. Akageuka.

"Uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia nisiseme."

Binti akamkodolea macho. Kasuku hakuweza kujizuia tena, akacheka hadi akaegemea dirisha, na binti naye akacheka, cheko la hasira na la kuchoka, mkono mdomoni. Mama Sweta hakucheka. Aliuliza kama sasa anaruhusiwa kusema. Aliporuhusiwa akasema yote kwa pumzi moja: apitishe uzi mwembamba kwenye vitanzi vya chini kabla havijafika kwenye pindo, avute kidogo lakini asifunge, na kwa taarifa ya kila mtu humu ndani, sweta ikinaswa na chuma haichaniki vile, uzi hukatika katikati na tundu huwa duara, kwa hiyo huyo aliyeifuma ya kwenye televisheni hajawahi kunaswa na kitu.

"Hilo tumelibishania," binti akasema. "Wewe uko upande wa Nahodha."

Kuiokota ngazi ya pili na kuipandisha tena hadi begani kulihitaji muda, na muda ulikuwa umekwisha. Binti aliishika sweta mbali na uso wake, akaitazama na kasoro yake, akaifunga kwenye karatasi na kuitia kwenye begi. Akatoka mbio bila kula.

Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Alasiri ile Mama Sweta alifuma migongo mitatu ya sweta na miwili kati yake akaifumua. Alifagia mbele ya nyumba, akafagia mbele ya nyumba ya jirani. Kasuku alimshauri aiwashe televisheni aione hiyo sehemu ya mwisho, apate kujua yanayojiri kule maktaba angalau kwa mbali. Akaiwasha. Akasimama mbele yake na ufagio, na mara hii hakupita. Hakuelewa nusu ya mambo, lakini mwanamke yule alipojitokeza na sweta yake alisogea karibu kabisa na kioo akachunguza mshono wa bega, akaguna. Kengele haikulia. Watunzi walikuwa wamemaliza hadithi na kuiacha kimya.

Giza lilikuwa halijaingia binti aliporudi. Begi lilikuwa tupu. Mama Sweta alimsubiri aseme, akaona kuwa kusubiri huko hata leo baada ya mazoezi yote kunauma vilevile.

Binti alikula akiwa amesimama. Alisema waliziona zile ngazi mbili mara moja, hata kabla Nahodha hajaivaa. Mmoja akasema ni kosa. Mwingine akasema ni sawa, kwa sababu kuna mahali Mlinda Kengele ananaswa mara ya pili na watu hawakuangalia vizuri. Wakabishana mpaka mkutubi akaja kuwafukuza. Yeye pia alibishana. Alisema hivyo kama jambo dogo, akichovya kipande cha mkate kwenye chai.

"Na Nahodha?" Mama Sweta aliuliza.

"Hakuivua." Binti akatafuna. "Maktaba wametukatalia kwa mwezi mzima. Nimewaambia wiki ijayo waje hapa."

Mama Sweta akatazama chumba. Aliona uzi chini ya meza, viti visivyo na nafasi ya kukalia, ukuta uliochubuka nyuma ya mashine, zulia lenye nyuzi za kila rangi. Mikono ikaanza kumwasha.

"Mama," binti akasema. "Usipange kitu. Waikute hivi hivi."

Akaahidi. Aliahidi kwa moyo mweupe, mbele ya Kasuku ambaye ni shahidi. Akaketi, akakunja mikono, akatulia kabisa mpaka binti alipoingia chumbani kwake na kuuacha mlango wazi. Ndipo alipoinuka, kwa ncha za vidole, akasogeza kiti kimoja tu.