Hodi Kila Dakika Tano

Kompyuta yangu ilikufa siku mbili kabla ya arobaini ya bibi, nikailaani kwa maneno ambayo mwenye msiba hapaswi kuyasema. Ndani yake mlikuwa na sauti ya bibi akiutaja uzao wake, na nijuavyo mimi hapakuwa na nakala nyingine. Shangazi Samia alikuwa njiani kutoka Pangani. Mazishi yalimpita, nami nilikuwa nimemwahidi sauti ya mama yake.

Shemeji yangu Shamsudin, fundi, aliikagua akasema diski imeliwa na chumvi ya hewa ya bahari. Nikamkumbusha kwa ukali ile mashine yake ya akiba, aliyoifunga stoo mwaka juzi ili inakili mafaili ya kompyuta zote za nyumba kila saa saba mchana. Yangu ingenakiliwa vipi? Adhana ya adhuhuri ikilia, mimi huzima kila kitu mpaka feni, na siwashi tena mpaka nishaswali na kula. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu palikuwa pangu.

"Saa saba niliiacha zamani, shemeji," akasema. "Siku hizi mashine inapiga hodi kwenye mtandao wa nyumba kila dakika tano. Kompyuta yoyote ya Windows iliyo macho ikiitika, inanakiliwa papo hapo."

Sikumwamini. Akafungua orodha, nikasogea. Jina la kompyuta yangu lilijaa ukurasa: dakika kumi na mbili za Jumatatu nikisubiri wali ukauke, dakika ishirini za alasiri moja ya mvua. Kila nilipoiwasha, hata kwa kitambo, ilikuwa imeonekana. Subhanallah. Muda wote huo mashine isiyo na macho ilikuwa ikinitafuta, na mimi nikiiita kopo la Shamsudin.

Faili la bibi lilikuwamo.

Shangazi alifika kesho yake, akakaa mkekani hata buibui hajalivua. Nikabonyeza. Sauti ikatoka safi, pamoja na kikohozi chake. Bibi akawataja wazazi wake, kisha watoto aliowazaa, mmoja mmoja, hata wawili waliokufa wachanga ambao hakuna aliyewahi kutuambia habari zao. Akamalizia na kitinda mimba.

"Samia," bibi akaita.

Shangazi, mwenye miaka sitini na mbili, akainua kichwa upesi.

"Labeka, mama."