Mafao Si Sadaka

1.

TANGAZO
Ofisi ya Uhamiaji, mji wa Norrvik
Mwombaji wa ukaazi wa kudumu athibitishe kuwa anajitegemea. Anayeishi kwa msaada wa umma, ombi lake litakataliwa.

2.

Mimi ni Tunu Hoza, mzaliwa wa Lushoto. Hapa Norrvik nasafisha shule. Mume wangu, Mbwana Shekiondo, alipakia samaki kiwandani miaka sita, hadi makreti yalipomwangukia mgongoni. Daktari akasema asinyanyue kitu mwaka mzima. Tukajaza fomu za mafao ya kuumia kazini.

Wakati huo ombi letu la ukaazi lilikuwa tayari mezani Uhamiaji.

3.

Yaliyosikika kwa Waswahili wenzetu, kwenye arobaini ya mtoto:

— Mmechukua pesa ya serikali? Mmejichongea!
— Irudisheni haraka.
— Kuna jamaa yangu, walimpandisha ndege na

(Hakumalizia. Pilau lilikuwa limefika.)

4.

Mbwana anasema:

Nilitaka kurudisha. "Mke wangu, heri njaa kuliko kufukuzwa."

Akaniuliza, "Kwenye mshahara wako walikuwa wanakata nini kila mwezi?"

"Bima."

"Basi hawakupi. Wanakurudishia."

5.

BARUA
Ombi lenu limekataliwa. Sababu: mnategemea umma. Rufaa: ndani ya siku 21.

6.

Alivyobeba Tunu siku ya rufaa:
hati za mshahara za Mbwana, sabini na mbili
cheti cha daktari
kitabu cha sheria cha maktaba, siku ya kukirudisha imepita
woga

7.

Wewe unayesoma, umewahi kusimama mbele ya watu watatu wasiotabasamu, ukaambiwa mkalimani hajafika? Walitaka kuahirisha.

Tunu akasema kwa lugha yao, lafudhi ya Kisambaa ikisikika waziwazi: "Nitajisemea."

8.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO

MWENYEKITI: Unakubali kwamba mnapokea msaada?

MRUFANI: Hapana. Mume wangu amekatwa bima miezi sabini na mbili. Haya ni mafao, si sadaka. Sheria yenu, kifungu cha kumi na nne, imevitenganisha. Nisome?

(Mrufani anafungua kitabu.)

MWENYEKITI: Soma.

9.

Akasoma.

10.

Mbwana anasema:

Maneno mengine yalinipita. Nilikuwa nautazama mgongo wake. Wangu uliuma, wake ulikuwa umenyooka kama mwanzi.

11.

UAMUZI
Rufaa imekubaliwa. Mafao ya bima si msaada wa umma.
Mbwana Shekiondo: ukaazi wa kudumu.
Tunu Hoza: mshahara wake haukuchunguzwa; jalada lirudishwe Uhamiaji, liamuliwe upya.

12.

Nilipiga vigelegele palepale kwenye ngazi za mahakama.

"Lako bado, Tunu," Mbwana alinong'ona, machozi yakimtoka.

"Bado, ndiyo. Lakini sasa wanajua nasoma."

Nikapiga vingine. Mlinzi akaja mbio. "Kuna aliyeumia?"

"Hapana," Mbwana akamjibu kwa lugha yao, kwa mara ya kwanza bila kunitazama kwanza. "Huyu ni mke wangu. Ameshinda."

Uhamiaji hufunga saa tisa. Ilikuwa saa nane na nusu. Tukashuka ngazi, yeye polepole, ameshika ukuta, na mimi mbele, uamuzi mkononi, nikiwahi dirisha lao.