Kapasita Kubwa ya Winchi

Wachimba visima wale wa Usa River walikuwa na sheria moja: aliyetengeneza winchi ndiye anayeshuka nayo kisimani wa kwanza. Fundi hutiwa adabu hivyo. Lakini Aikande, fundi umeme wao, alikuwa na mimba kubwa, na mumewe Lemburis akasema atashuka badala yake.

"Si umeitengeneza wewe, Mama Naisula? Basi niogope nini?"

Enzi hizo biashara ilikuwa imeachiwa huru, mashamba ya maua yakizuka kila upande na mashine za mtumba zikimwagika kutoka ng'ambo. Winchi hii ilikuwa mojawapo. Saketi yake ilitoa umeme kwa mapigo ya haraka, washa-zima, washa-zima. Pigo likirefuka mwendo unaongezeka, likifupika unapungua. Ila mota ilitaka kuamriwa na umeme uliotulia. Katikati palikaa kapasita, iliyopokea mapigo na kuyalainisha, kama tangi la maji linavyolisha jikoni sawasawa hata maji ya bomba yakikatikakatika. Iliyokuwepo ilikuwa ndogo, na winchi ilitikisa watu mpaka meno. Aikande akaenda mtaa wa Sakina kwa mafundi redio, akachagua kubwa kuliko zote. Mshale wa mita ukatulia tuli. Akajiona bingwa, na kwa bingwa haraka haraka ina baraka.

Kushuka hakukuonyesha kosa. Pipa lililombeba Lemburis lilitua matopeni, kamba ikalegea, nani angejua? Mambo yaliharibika wakati wa kupanda. Lemburis alitokeza mdomoni mwa kisima, amesimama ndani ya pipa, mikono yote miwili imeshika kamba juu ya kichwa. Aikande akarudisha nobu ya mwendo kwenye sifuri.

Pipa likaendelea kupanda.

Akaizungusha tena. Sifuri. Alielewa papo hapo: tangi kubwa halikauki upesi. Juu, kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, lilikuwa likiimeza kamba, na vidole vya mumewe vilikuwa vikiifuata. Naye alikuwa akimtazama mkewe, si juu. Swichi kuu ilikuwa mbali, kwenye kibanda cha jenereta.

"Lemburis!"

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Naisula, mtoto wao wa kwanza, azaliwe. Lemburis akacheka, akidhani anataniwa.

Aikande alichomoa bisibisi, akakosa, akakosa tena, kisha akailaza juu ya miguu miwili ya kapasita. Cheche ikaruka, tangi likakauka. Winchi ikasita, ikanyamaza.

"Safari hii haikutikisa hata kidogo," Lemburis alisifu. Akataka kushusha mikono. Wa kushoto ulishuka. Wa kulia ulikataa, na alipotazama juu aliona mkono wa shati lake umeshaingia ndani ya kapi.

"Mama Naisula," alisema polepole, "nirudishie ile inayotikisa."

Aikande alitaka kumjibu, lakini meno yake yalikuwa yakigongana.