Kijiti Ndani ya Sega

...na nikikivuta tu yamekwisha, kijiti cha kiberiti nimekizamisha kwenye tundu moja la sega, ndani ya jana aliyekufa kabla hajawa nyuki, kikitoka kikavu basi ni baridi ya mwezi wa tano tu, kikitoka na uzi wa kahawia, mrefu kama kamasi, basi ni uozo, ugonjwa wa majana unaoruka mzinga hadi mzinga, na sheria ya uozo haina huruma, mzinga shimoni, petroli, moto, na ile thelathini na tisa mingine haitoki hapa kwenda popote... "Mzee Uchibori, umebaki huo tu!" anaita daktari wa mifugo wa mkoa, binti wa watu, buti nyeupe, amenipa mgongo akiandika, "mizinga yako hii mtu angeweza kulala ndani!" na mke wangu Hatsue anadakia kutoka kibarazani, "Soksi zake mwenyewe haziokoti, daktari, usafi wake wote kawapa nyuki," wanacheka, nami nacheka, nimeinama, vidole bado kwenye kijiti, nacheka... usafi, neno hilo nililitamka mimi, mwezi wa tatu, mlangoni pangu, walipokwisha kuchoma mizinga minne ya mama Kitazume, mjane wa ng'ambo ya mfereji, mitatu aliachiwa na marehemu mumewe, akapita nyumba kwa nyumba na maboksi ya peremende yaliyofungwa vizuri, kuomba radhi kwa wafugaji wote, akaanzia kwangu, akainama mpaka nikaona utosi wake, mvi tupu, "Nimewaletea balaa, naomba mniwie radhi," na mimi, mdomo huu huu, "Basi mama, yamepita, ila usafi, usafi ni muhimu," akasema ndiyo, ndiyo, asante kwa kunifunza, na jioni ile nikazila zile peremende, za maharage mekundu, nikasema zina sukari nyingi mno... na ule mzinga wa nne wake ulitoka wapi, wewe mzee, sema, ulitoka hapa hapa, nilimpa mimi vuli iliyopita, zawadi, nikaubeba mwenyewe hadi kwake, akalia kwa furaha, na masega mawili nikayabakiza, ya nini kutupa masega mazuri, nikayatia humu, ndani ya huu ulio mbele yangu... sikujua, nani angejua, ulikuwa mzinga dhaifu tu, nyuki wachache, majana yamebonyea kidogo, na ile harufu... ilikuwepo harufu, kama gundi ya zamani, niliinusa, nikafunika kifuniko haraka, nikasema ni unyevu, na siku ya tatu yake nikampa mtu, kwa nini yule, kwa nini upesi vile, miaka thelathini sijawahi kumpa mtu mzinga, mimi niliye mchoyo hata wa nta, si zawadi ile, Mungu wangu, nilikuwa natupa taka kwenye uwanja wa mjane, na yeye akanishukuru... sasa buti zinakuja, zimesimama karibu na sikio langu, "Kuna nini, mzee? Umeona kitu?" nasema "Subiri kidogo," naye anachuchumaa, ananusa, uso unambadilika, anashusha sauti kwa upole, jinsi watu wanavyosema na mfiwa, "Pole sana, mzee wangu. Lazima ni kutoka kwa yule mama. Nyuki wako watakuwa waliiba asali kwake kabla hatujachoma. Niandike hivyo?" na Hatsue kibarazani ameshaanza, "Yule mwanamke! Nilijua tu atatuponza!" na kijiji kizima kitasema vivyo hivyo, hakuna atakayeuliza, na yeye mwenyewe ataamini, atakuja tena kuinama pale mlangoni, na nilidhani ninachoogopa ni moto, kumbe moto si kitu, kijiti bado kimo tunduni, kalamu yake inasubiri, na ninajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nitasema andika...